Injini ya SUV ya kifahari inamisi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karibu kila anayeniuliza ana kisa kilekile: amenunua gari kubwa la kifahari lililokwisha kutembea kilomita nyingi, limeanza kutetemeka au limewasha taa ya injini, na tayari kuna mtu amemwambia abadilishe kitu fulani. Majibu ni yaleyale ninayompa rafiki aliyefungua boneti huku simu iko sikioni. Hoja yangu ni moja: iulize injini kwanza, kipuri kinunuliwe baadaye.

Kumisi ni nini hasa?

Ni silinda moja au zaidi kushindwa kuchoma mchanganyiko wa hewa na petroli, au kuuchoma nusunusu. Ili moto uwake, mambo matatu yakutane kwa wakati mmoja: cheche, mchanganyiko sahihi (kwa petroli ni takribani kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya mafuta) na kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) ya kutosha. Likikosekana moja, silinda hiyo inageuka abiria, inabebwa na wenzake. Uchunguzi wote ni kutafuta silinda ipi imekuwa abiria, na imekosa lipi kati ya hayo matatu.

Gari langu ni V8 na liko kimya kama maktaba. Nitajuaje linamisi?

Hapo ndipo SUV za kifahari zinapowadanganya wenyewe. Injini ya silinda 4 ikipoteza moja imepoteza robo ya nguvu, na hata mtoto aliyeketi nyuma atauliza kuna nini. V8, yenye silinda nane katika pande mbili za umbo la V, ikipoteza moja imepoteza sehemu moja ya nane tu. Ongeza vikalio vya injini vyenye majimaji ndani vinavyomeza mtetemo, kioo kinene na sufu za kuzuia sauti, na dereva anaweza kuendesha wiki nzima bila kujua.

Kwa hiyo usitegemee kiti. Toka nje, injini ikiwa kwenye sailensa (inanguruma bila kukanyagwa), simama karibu na ekzosi na uweke kiganja hatua moja kutoka kwenye moshi. Ekzosi yenye afya inasukuma pumzi iliyo sawa. Inayomisi inapiga pu-pu-pu kisha inaruka pigo, na pengine unasikia harufu ya petroli mbichi. Ndani, tazama maji kwenye chupa iliyo kwenye kishikilia kikombe: ni kipimo cha kijinga lakini hakidanganyi. Dalili nyingine ni matumizi ya mafuta kupanda bila sababu, na gari kusitasita ukikanyaga kidogo kupanda mlima.

Kompyuta inajuaje silinda ipi imekosa?

Inasikiliza krankishafti, mhimili unaozungushwa na pistoni. Kila silinda inapochoma, krankishafti inasukumwa kidogo. Isipochoma, inapunguza kasi kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Kwenye V8 msukumo unakuja kila nyuzi 90 za mzunguko, kwenye silinda 6 kila nyuzi 120, hivyo sensa ya krankishafti ikiona upungufu inajua ilikuwa zamu ya nani.

Njia mbovu yenye mashimo nayo hutikisa krankishafti kupitia magurudumu, ndiyo maana magari mengi hutumia pia sensa za magurudumu kutofautisha shimo na ugonjwa. Hesabu moja mbili za kumisi baada ya safari ya vumbi zisikukoseshe usingizi.

Taa ya injini inawaka na kuzima, inamweka. Naweza kwenda nayo hadi nyumbani?

Hapana. Taa iliyowaka na kutulia inakwambia tafuta nafasi upime. Taa inayomweka inakwambia petroli isiyoungua inakwenda kuungulia ndani ya katalitiki (kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi), na joto la huko linaweza kuyeyusha kauri yake. Ondoa mguu, endesha taratibu hadi mahali salama, zima. Ikiyeyuka inaweza kuziba, na ekzosi iliyoziba nayo husababisha injini kumisi, kwa hiyo ugonjwa mdogo unazaa mkubwa. Katalitiki za magari haya ni miongoni mwa vipuri vya bei chungu kuliko vyote, na mara nyingi ziko mbili au zaidi.

Mashine ya kusoma misimbo ya kompyuta imetoa P0304. Nibadilishe koili (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche) namba nne?

Usibadilishe chochote bado. Msimbo unataja mahali, hautaji sababu. P0304 maana yake silinda ya 4 imemisi. P0301 ni ya 1, na kuendelea hadi P0308 kwa V8. P0300 ni kumisi huku na huko bila silinda maalumu. P0316 ni kumisi mara tu injini inapowashwa, ndani ya mizunguko 1,000 ya mwanzo.

Soma misimbo yote, hata inayoonekana haihusiki. P0304 peke yake ni hadithi moja. P0304 pamoja na P0171, inayosema upande wa kwanza wa injini una hewa nyingi kuliko mafuta, ni hadithi nyingine kabisa. Andika pia taarifa za tukio ambazo kompyuta hugandisha wakati wa kosa: joto la injini, mizunguko kwa dakika, mzigo, kasi. Msimbo uliojitokeza injini ikiwa baridi, gari limesimama, hauna ndugu na ule uliojitokeza kwenye kilomita 110 kwa saa. Watu wengi hufuta misimbo kwanza ndipo wanapiga simu kuuliza. Wamefuta ushahidi.

Silinda namba nne iko wapi?

Swali hili limewafanya watu wabadilishe koili nzima na kuiacha mbovu. Hakuna kanuni moja ya dunia. V8 za BMW na Mercedes-Benz huhesabu 1 hadi 4 upande mmoja na 5 hadi 8 upande wa pili. V8 za Toyota zilizomo kwenye Lexus huweka namba witiri upande mmoja na shufwa upande mwingine. Tafuta mchoro wa injini yako hasa, kwa jina la injini, maana gari lilelile linaweza kuwa na injini tofauti kwa miaka tofauti. Range Rover ya kizazi cha tatu, kwa mfano, ilianza mwaka 2002 na V8 ya BMW kisha ikahamia V8 za ukoo wa Jaguar.

Nianze wapi basi?

Anza kwa kuhamisha koili. Ni jaribio la bure, linahitaji spana mbili tatu na subira. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, toa kava la plastiki, chomoa koili ya silinda inayolalamikiwa na uipeleke, tuseme, silinda ya 2, kisha ya 2 uilete kwenye ya 4. Futa msimbo, washa, endesha. Msimbo ukihamia P0302, koili ndiyo mgonjwa. Ukibaki P0304, koili haina hatia. Fanya hivyohivyo kwa plagi, inayorusha cheche silindani. Hamisha kitu kimoja kila mara. Ukihamisha koili na plagi pamoja hutajua ni ipi iliyobeba ugonjwa.

Kuna mtego. Kompyuta nyingi zikiona silinda inamisi kupita kiasi huifungia petroli ili kuokoa katalitiki. Ukihamisha koili bila kuzima gari na kufuta msimbo, silinda itabaki imekufa hata kama umeweka koili nzima, nawe utaamini koili si tatizo.

Na ukiwa hapo, hesabu plagi. Injini ya Mercedes-Benz ya M113, ile V8 ya ML500, ina plagi 2 kwa kila silinda, jumla 16. Aliyekuuzia 8 hajaijua injini.

Fundi alichomoa koili injini ikiwa inanguruma ili kusikia ipi haibadilishi sauti. Ni sawa?

Hiyo ni desturi ya enzi za distribyuta, kifaa cha zamani cha kugawia silinda cheche. Koili ya kisasa hutoa makumi ya maelfu ya volti. Ikikosa njia kupitia plagi itatafuta nyingine, pengine kupitia mkono wako au saketi ya kompyuta. Halafu petroli ya silinda hiyo inamiminika mbichi kwenye katalitiki. Mashine nzuri ya kupimia inaweza kuzima silinda moja moja kwa amri, au chomoa soketi ya nozeli (inayopuliza petroli) badala ya koili, pale inapofikika. Silinda ambayo ukiizima injini haioni tofauti ndiyo iliyokuwa haifanyi kazi.

Plagi nilizotoa zinasema nini?

Zipange mezani kwa mpangilio wa silinda kabla hujazifuta, kisha linganisha. Moja iliyo tofauti na wenzake ndiyo ya kuhojiwa. Masizi meusi makavu ni mafuta mengi mno au cheche dhaifu. Nyeusi yenye unyevu wa oili, oili inaingia silindani kupitia ringi za pistoni, sili za valvu au turbo. Nyeupe iliyokauka, hewa imezidi au joto limezidi. Plagi safi kama imeoshwa, huku wenzake ni kahawia, inanitia hofu kuliko zote: mara nyingi maji ya rejeta yanaingia silindani na kuifua kila siku.

Tazama pia kauri nyeupe ya juu. Mstari mwembamba mweusi unaoshuka juu yake ni njia ya cheche iliyotoroka, ikapita nje ya plagi badala ya kuruka kwenye nafasi yake. Koili mpya juu ya plagi yenye mstari huo itaharibika vilevile, kwa sababu mpira wake wa ndani umeshachorwa.

Plagi za iridiamu usizisugue kwa msasa, ncha yake ni nyembamba na itavunjika. Nafasi ya cheche fuata kitabu cha injini. Injini za turbo hutaka nafasi ndogo zaidi. Nunua mahali unapoamini, maana plagi bandia ni nyingi na boksi lake linaweza kuwa zuri kuliko la halisi.

Nimekuta oili kwenye shimo la plagi. Injini imekufa?

Mara nyingi haijafa. Gasketi ya kava la valvu imekauka na oili inashuka juu ya plagi, si ndani ya silinda. Mpira wa koili unalainika, cheche inatoroka, silinda inamisi. Badilisha gasketi pamoja na mipira ya mashimo ya plagi, safisha, kisha koili na plagi zilizoloa. Ukibadilisha koili tu na kuacha gasketi, utarudi. Maji nayo hufanya hivyohivyo: gari likianza kumisi siku moja baada ya injini kuoshwa kwa presha, anza na mashimo hayo.

Msimbo ni P0300, silinda zote zinahama-hama. Sasa?

Acha koili. Si rahisi koili nane zife siku moja. Tafuta kitu ambacho silinda zote wanakula pamoja: hewa, petroli, umeme, au saa ya valvu.

Angalia marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, yale ya muda mfupi na ya muda mrefu, kwenye mashine. Yakiwa karibu na sifuri, mchanganyiko uko sawa. Yakiwa juu ya asilimia 10 kwenye sailensa lakini yanashuka ukipandisha mizunguko hadi 2,500, hewa inaingia mahali isipopimwa: mpira uliopasuka, gasketi ya manifoldi (bomba linalogawia silinda hewa), valvu ya kupumua ya injini. Yakipanda kadiri unavyokanyaga, petroli haifiki ya kutosha au sensa ya kupima hewa inadanganya. Upande mmoja wa V ukiwa mbaya na mwingine mzima, umepunguza msako kwa nusu.

Kuna gari la silinda 6 nililolipia koili sita mpya kwa ushauri wa karakana moja. Baada ya wiki likarudia. Kilichokuwa kibovu ni mpira wa kupumua wa injini, umepasuka chini ya manifoldi mahali jicho halifiki. Kipimo cha moshi, yaani kupuliza moshi mwepesi ndani ya njia ya hewa na kuona unatokea wapi, kilionyesha ufa kwa dakika kumi. Tangu hapo moshi unatangulia pochi. Wapo wanaonyunyizia kemikali ya kusafishia kabureta juu ya injini moto wakisikiliza mlio ubadilike. Inafanya kazi, na pia inawaka moto.

Usisahau betri. SUV hizi zina kompyuta kwa makumi, na volti ikishuka wakati wa kuwasha, zinaandika misimbo ya kila aina.

Linamisi asubuhi tu, likipata joto linatulia.

Orodha yangu huanza na nozeli inayovuja usiku kucha na kulowesha silinda. Kisha masizi kwenye valvu, kisha sili za valvu zinazodondosha oili (tazama moshi wa bluu wakati wa kuwasha). Mwisho, na ombea isiwe, maji ya rejeta yanayopenya kupitia hedi gasketi (kizibo kati ya bloku na kichwa cha injini) gari likiwa limelala. Ukiona maji ya rejeta yanapungua bila tone chini ya gari, peleka hilo la mwisho liwe la kwanza.

Linamisi nikikanyaga kwa nguvu tu.

Cheche. Presha ndani ya silinda ikipanda, cheche inahitaji volti kubwa zaidi kuruka, na plagi iliyochoka au koili dhaifu inashindwa hapo. Kwenye turbo ni kawaida sana. Cheche ikiwa safi, pima presha ya petroli chini ya mzigo.

Masizi kwenye valvu ni nini na yana uhusiano gani na gari langu?

Injini nyingi za kifahari za petroli kuanzia katikati ya miaka ya 2000 hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Zamani petroli ilipulizwa nyuma ya valvu ya kuingizia na kuiosha kila mzunguko. Sasa haiigusi tena, na mvuke wa oili unaganda juu yake mwaka baada ya mwaka hadi hewa inapita kwa taabu. Audi Q7 ya 4.2 FSI ni mfano unaojulikana. Dawa ya kumimina kwenye tanki haifiki huko, kwa sababu petroli yenyewe haifiki. Manifoldi hutolewa na valvu hupulizwa kwa unga wa maganda ya jozi (walnut), mgumu wa kutosha kung'oa masizi lakini laini kwa chuma.

Na nozeli?

Kwenye sindano ya moja kwa moja, nozeli inafanya kazi kwa presha kubwa mno; usilegeze bomba lolote la mafuta kienyeji. Pia si kila nozeli ni ya kuchomeka na kuondoka. Injini ya BMW ya N63, V8 yenye turbo mbili katikati ya V, hutaka kila nozeli mpya iandikishwe kwenye kompyuta kwa namba zilizochapwa juu yake. Ukiruka hatua hiyo silinda itapata kipimo cha mwenzake.

Koili, plagi, hewa na nozeli ni nzima. Kimebaki nini?

Kompresheni, ambayo watu huiacha mwisho kwa hofu ya jibu. Injini iwe na joto, plagi zote zitoke, petroli na cheche zifungwe, kanyagio liwe chini kabisa, betri iwe na nguvu. Zungusha kila silinda mapigo sawa. Injini nyingi nzima za petroli husoma kati ya baa 10 na 15, lakini ulinganifu una uzito kuliko namba yenyewe. Tofauti ikizidi asilimia 15 kati ya silinda na silinda, naanza kukaa vibaya.

Silinda iliyo chini itie kijiko cha oili, upime tena. Ikipanda, ni ringi au ukuta wa silinda. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Halafu jaza silinda hewa ya kompresa, pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zimefunga, usikilize. Mlio kwenye ekzosi: valvu ya kutolea. Kwenye njia ya hewa: valvu ya kuingizia. Kwenye mdomo wa oili: ringi. Mapovu kwenye rejeta: hedi gasketi.

Wenye V8 za General Motors zinazozima silinda ili kuokoa mafuta, kama za Cadillac Escalade za kati ya 2010 na 2020, waangalie kwanza silinda 1, 4, 6 na 7. Hizo ndizo zinazozimwa, na vinyanyua valvu vyake ndivyo vinavyojulikana kukwama.

Langu ni la dizeli. Haya yananihusu?

Nusu yake. Huna koili wala plagi za cheche. Pima marejesho ya mafuta ya kila nozeli, kompresheni, na plagi za kupasha joto kama shida ni asubuhi tu.

Inawezekana si injini kabisa?

Inawezekana, na watu wamebadilisha plagi bure. Ukienda kasi ya wastani, mguu mwepesi, gari likatetemeka kama limepita juu ya matuta madogo, gusa breki kidogo kwa mguu wa kushoto huku wa kulia ukibaki ulipo. Mtetemo ukikatika palepale, shuku klachi ya toki konveta (kiungo cha majimaji kati ya injini na gia) ndani ya giaboksi ya otomatiki, ambayo hujiachia breki ikiguswa. Hesabu za kumisi kwenye mashine zikiwa sifuri wakati gari linatetemeka, una jibu lako.

Nataka kununua moja. Nikague vipi?

Mwombe muuzaji asiwashe gari kabla hujafika, uweke mkono juu ya injini uhakikishe ni baridi. Muuzaji anayekupokea gari likiwa limeshapashwa joto amekuficha nusu ya maswali yaliyo hapo juu. Chomeka mashine yako mwenyewe, na usiridhike na jibu la "hakuna misimbo". Fungua ukurasa wa vipimo vya kujikagua: vikiwa vingi "havijakamilika", misimbo imefutwa hivi karibuni au betri ilichomolewa. Magari mengi huonyesha pia kilomita tangu misimbo ifutwe. Kilomita 12 ni jibu tosha.

Nimetengeneza. Nitajuaje limepona?

Taa kuzimika si uponyaji, hata msimbo ukifutwa inazimika. Liache lilale usiku mzima, liwashe baridi, liendeshe mjini na barabara kuu, likanyage mara mbili tatu kwa nguvu kwenye mlima, kisha ufungue hesabu za kumisi za kila silinda kwenye mashine. Tazama na marekebisho ya mafuta pande zote mbili. Silinda ya zamani ikionyesha hesabu tena, hata tano sita, wakati wenzake wana sifuri, rudi kwenye swali la kompresheni.